Makala za tiba kwa hospitali ndogo: jibu kwa mkutubi wa Vihiga

Msomaji kutoka kaunti ya Vihiga anauliza: “Mwalimu, nimekabidhiwa maktaba ya hospitali yetu ya misheni. Ni chumba kimoja chenye vitabu, kompyuta moja na skana. Madaktari na maafisa wa kliniki huniletea vichwa vya makala walivyoviona kwenye PubMed, ile orodha ya mtandaoni ya makala za tiba. Nikibofya naona ikisari tu, kisha naambiwa nilipe kwa dola. Nasikia maktaba kubwa hutumiana nakala kwa kompyuta. Je, maktaba kama yetu inaweza kuingia humo? Tunahitaji mitambo gani? Na je, huko si kuiba kazi za watu?”

Dada, mnaweza, na vyombo mlivyo navyo vinatosha kuanzia. Mtambo sio unaowapungukia. Tangu nianze kazi hii hapa Kisumu, maombi mengi niliyoona yakikwama yalikwama kwa sababu ya ombi lililoandikwa nusunusu. Intaneti mbovu hukwamisha machache kuliko hayo. Faili husafiri kwa dakika, lakini kujua ni faili ipi inayotakiwa ndiyo kazi yenyewe.

Huduma hii ni kongwe kuliko intaneti. Uingereza ilikuwa na ghala zima la kuazimisha na kutuma nakala za majarida kule Boston Spa, Yorkshire, lililofunguliwa mwaka wa 1962, na fotokopi zilikuwa zikienda kwa posta. Baadaye ikaja faksi. Mwaka wa 1985 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ikaanzisha DOCLINE, mfumo unaopokea ombi la maktaba moja na kulipeleka kwa nyingine yenye jarida hilo. Hiyo ikishindwa, ombi husogezwa kwa inayofuata bila mtu kupiga simu. Mfumo huo ni wa maktaba za huko Marekani na Kanada, kwa hiyo usihangaike kuutafutia nywila. Utaratibu wake, hata hivyo, unaweza kuuiga kwa daftari na barua pepe: orodha ya maktaba kwa mpangilio, na ombi moja linalohama kutoka ya kwanza hadi ya pili.

Kuna kisa kimoja ambacho nadhani kila mkutubi wa hospitali ndogo angefaa kukijua. Julai 1997 mafuriko yaliingia katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, yakaharibu karibu vitabu na majarida nusu milioni. Wanafunzi na wahadhiri waliendelea kutaka makala, na rafu za kuzitoa hazikuwapo tena. Wakutubi wa pale wakabuni utaratibu wa kuomba makala kwa maktaba rafiki na kuzipata upesi, na utaratibu huo ndio uliokuja kuwa RapidILL, ambao leo unatumiwa na maktaba za nchi nyingi. Chuo kikuu kizima kilihudumia watu wake kwa rafu za wenzake. Kwa hiyo usione haya kwamba chumba chenu ni kimoja.

Sasa tuje kwenye ombi. Tuseme afisa wa kliniki anakuletea kikaratasi kilichoandikwa: “Chanjo ya malaria, ule utafiti wa Siaya.” Anamaanisha jaribio la chanjo ya RTS,S, lililofanywa katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa hapa Kenya: Kilifi, Kombewa na Siaya. Ila jaribio hilo moja lilizaa makala kadhaa. Ya mwaka wa 2011, katika New England Journal of Medicine, juzuu la 365, inaeleza matokeo ya kwanza ya watoto wa miezi 5 hadi 17. Ya mwaka wa 2012, jarida lilo hilo, juzuu la 367, inahusu watoto wachanga waliochanjwa wakiwa na umri wa wiki 6 hadi 12, na kwao kinga ilikuwa hafifu zaidi. Ya mwaka wa 2015, katika jarida la Lancet, juzuu la 386, ukurasa wa 31 hadi wa 45, ndiyo yenye matokeo ya mwisho, pamoja na habari za dozi ya nyongeza, yaani ya nne. Ukimpa ya 2011 naye anataka kuwaeleza akina mama kuhusu dozi ya nne, umempa makala nzuri isiyojibu swali lake.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, muulize mwombaji mambo matatu: anataka kuamua nini, mgonjwa ni wa umri gani, na jibu linahitajika lini. Uliza kwa upole, maana daktari aliyetoka zamu ya usiku anaweza kudhani unamchunguza. Mwambie wazi kwamba unauliza ili umpatie makala anayoitaka hasa na asirudi mara ya pili. Kisha jaza ombi kikamilifu: mwandishi wa kwanza, kichwa, jina kamili la jarida, mwaka, juzuu, toleo, kurasa, pamoja na namba ya PubMed au ya DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Namba ya PubMed pekee inatosha kuitambulisha makala, kwa sababu kila rekodi ina yake na hairudiwi. Usiitegemee peke yake, lakini. Tarakimu moja ikikosewa mtu aliyeko upande wa pili hatajua, ilhali akiona namba na kichwa havilingani atakuuliza. Ukiwa na vipande tu, mathalani jina la mwandishi na mwaka, PubMed ina ukurasa wa kulinganisha marejeleo: unajaza ulicho nacho, nao unakutafutia kilichobaki.

Kabla ya kuomba kwa mtu, tafuta kilicho wazi. Makala ile ya Lancet ya 2015 iko PubMed Central, ghala la mtandaoni la makala nzima, bure, mtu yeyote anaisoma. Inaniuma ninapoona wahudumu wa afya wa huku wakisoma ikisari peke yake ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Siaya, ilhali makala nzima iko wazi na hakuna aliyewaambia. PubMed Central ilianza mwaka wa 2000. Tangu 2008 taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zimewataka watafiti zinaowafadhili waweke makala zao humo. Awali iliruhusiwa kuchelewa hadi miezi 12, na kuanzia Julai 2025 ruhusa hiyo imeondolewa. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu utafiti mwingi wa Kisumu na Eldoret umelipiwa na fedha hizo. New England Journal nayo huacha wazi makala zake za utafiti miezi 6 baada ya kuzichapisha, kwa msomaji aliyejisajili. Weka pia Unpaywall kwenye kivinjari chenu. Ni programu ndogo ya bure inayokuonyesha kama kuna nakala halali iliyo wazi mahali pengine. Kwa majarida ya Afrika anza na AJOL, tovuti inayoyakusanya, ambako utapata hata matoleo ya East African Medical Journal, jarida lililoanzishwa Nairobi miaka ya 1920.

Hatua inayofuata ni Hinari, na hapa nakuomba usikawie. Ni mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka wa 2002, na sasa uko chini ya Research4Life. Unazifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati maelfu ya majarida, bure au kwa ada ndogo kulingana na kundi la nchi. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu mmoja mmoja, na hospitali zinakubaliwa. Kabla ya kujaza fomu uliza kama hospitali yenu haikusajiliwa zamani. Niliwahi kuitwa na hospitali moja ya huku iliyodhani haina chochote, kumbe ilikuwa na usajili wa muda mrefu na nywila ilikuwa imeondoka na mtu aliyehamishwa. Usajili uwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Nywila iandikwe kwenye faili ya hospitali na iwe kwa wafanyakazi na wanafunzi wenu tu. Ikianza kuzungushwa nje, taasisi nzima inaweza kufungiwa. Jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ukiingia PubMed kupitia ukurasa wa Hinari, na si moja kwa moja, viungo vya majarida mliyofunguliwa vinaonekana papo hapo. Daktari anayepitia Google anaona bei ya dola kwa makala ambayo hospitali yake tayari ina haki ya kuisoma.

Yote hayo yakishindikana, ndipo unapomwendea jirani. Vyuo vikuu vinavyofundisha tiba haviko mbali nawe: Masinde Muliro Kakamega, Maseno, Moi kule Eldoret, na Egerton ukifika Nakuru. Vyuo vingi nchini hununua majarida ya kielektroniki kwa pamoja kupitia KLISC, muungano wa maktaba ulioundwa mwaka wa 2003. Usianze kwa barua pepe isiyo na sura. Panda matatu hadi Kakamega, jitambulishe kwa mkutubi anayeshughulikia sayansi za afya, mkubaliane nani atapokea maombi yako, atayajibu kwa muda gani, na leseni zao zinawaruhusu kutoa nini. Nenda na kitu mkononi pia. Andika orodha ya majuzuu ya zamani yaliyo kwenye rafu zenu, kwa jina la jarida na miaka. Hospitali za misheni mara nyingi zimehifadhi matoleo yaliyochapishwa ambayo hayajawahi kuingizwa kwenye kompyuta, na kuna mtafiti mahali fulani anayeyahitaji. Ukiwa na orodha hiyo, unaingia ofisini kwake kama mshirika.

Hapo ndipo skana yenu itakapofanya kazi, na ningependa ujifunze kuskani vizuri kuliko inavyofanywa sehemu nyingi. Weka kipimo cha nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa A4 kwa kipimo hicho una nukta 2,480 kwa 3,508, yaani kama milioni 8.7. Ukiuskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, kabla haujabanwa, yaani kabla kompyuta haijapunguza ukubwa wa faili, unachukua kama megabaiti 1.1, kwa kijivu unafika 8.7, na kwa rangi 26. Ukibanwa, ukurasa wa maandishi matupu wa nyeusi na nyeupe hushuka hadi kilobaiti makumi tu. Ndiyo sababu watu huskani kila kitu kwa nyeusi na nyeupe, kuokoa bando. Kwa maandishi na majedwali ni sawa kabisa.

Kwa picha za tiba ni hasara. Chukua eksirei ya kifua yenye kivuli chepesi kwenye ncha ya pafu. Nyeusi na nyeupe tupu haina kijivu katikati, kwa hiyo kila nukta inalazimishwa kuwa upande mmoja au mwingine, na kile kivuli ambacho makala nzima inakizungumzia kinageuka doa jeusi au kinatoweka. Ukurasa wa eksirei uskaniwe kwa kijivu. Picha za hadubini na za ngozi ziskaniwe kwa rangi. Vijidudu vya kifua kikuu vilivyotiwa rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen huonekana kama vijiti vyekundu juu ya samawati. Ukiviweka kwenye kijivu, nyekundu na samawati zinakaribiana, na mtu wa maabara anayefungua faili yako hana cha kuangalia. Skana nyingi zinakuruhusu kubadilisha ukurasa kwa ukurasa ndani ya faili moja. Makala yenye kurasa nane za maandishi na mbili za picha itakuwa na faili ndogo tu ikiwa utafanya hivyo.

Usivunje mgongo wa juzuu kwa kulibana kwenye kioo. Skani ukurasa mmoja mmoja, ukilishikilia kwa mkono maneno ya karibu na mshono yasimezwe. Hakikisha ukurasa wa kwanza unaonyesha jina la jarida, mwaka na namba za kurasa. Kama hauonyeshi, ongeza ukurasa wa jalada au wa yaliyomo. Kisha hesabu kurasa kabla ya kutuma. Unaopotea mara nyingi ni ule wa mwisho wenye marejeleo, au jedwali lililochapishwa upande na mtu akaliruka.

Hakiki jambo jingine ambalo halionekani kwenye karatasi: kama makala imefutwa na jarida lenyewe. Mei 2020 Lancet ilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa Covid, na mwanzoni mwa Juni, wiki chache tu baadaye, ikaondolewa kwa sababu data yake haikuweza kuthibitishwa. PDF iliyopakuliwa kabla ya hapo haijabadilika. Bado iko kwenye simu za watu, inasomeka kama makala halali. Rekodi ya PubMed ndiyo inayobeba onyo. Ifungue kila mara siku ile unayotuma, hata kama faili unayo tangu mwaka jana.

Kutuma kwenyewe hakuna maajabu. Gmail inakubali viambatisho hadi megabaiti 25, na makala chache sana zinafika hapo. Kwa daktari aliye wodini bila kompyuta tumia WhatsApp, ila tuma kama hati, usitume kama picha, kwa sababu picha hubanwa na WhatsApp na zile nukta ulizohangaikia zinapotea. Makala isipopatikana popote, mwandikie mwandishi wa mawasiliano ambaye barua pepe yake iko kwenye rekodi. Barua ya mistari minne inayosema wewe ni nani na makala ni ya nini inatosha, na waandishi wengi hufurahi kuombwa.

Sasa lile swali la wizi, na nimefurahi umeliuliza wewe mwenyewe. Wachapishaji waliliuliza mahakamani zamani. Kampuni ya Williams & Wilkins, iliyochapisha majarida ya tiba, iliishtaki serikali ya Marekani mwaka wa 1968 kwa sababu maktaba ya NIH na ile Maktaba ya Taifa ya Tiba zilikuwa zikitoa fotokopi za makala zake kwa watafiti na madaktari. Mwaka wa 1973 mahakama iliona kuwa hayo yalikuwa matumizi ya haki. Mahakama ya Juu ikagawanyika nusu kwa nusu mwaka wa 1975, na uamuzi ukabaki vilevile. Hiyo ni sheria yao. Yetu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001, nayo inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi na matumizi ya binafsi, chanzo kikitajwa. Nakala moja ya makala moja kwa mtu mmoja aliyeiomba kwa kazi yake, bila kuuza, iko mahali salama. Kuskani toleo zima, kurundika PDF za kugawia kila anayepita, au kuitupa makala kwenye kundi la WhatsApp la kaunti nzima ni mambo mengine kabisa, na mkutubi hapaswi kuyafanya.

Kwa majarida ya kielektroniki, leseni ndiyo inayotawala. Chuo kinaweza kuwa na haki ya kusoma jarida na kisiwe na haki ya kulituma nje, kwa hiyo jirani akikuambia hili siwezi kulitoa, mwamini na usimsukume. Wamarekani wana mwongozo ambao nauona kipimo kizuri hata kwetu, ingawa hautufungi: kwa makala zilizotoka ndani ya miaka 5 iliyopita, maktaba isiombe nakala zaidi ya 5 kwa mwaka kutoka jarida moja. Ukivuka hapo, hospitali inalihitaji jarida lenyewe na itafute njia ya kulilipia.

Kuhusu Sci-Hub, ambayo najua vijana wenu wameshaijua: ilianzishwa na Alexandra Elbakyan mwaka wa 2011, inatoa makala bila idhini ya wenye haki, na mwaka wa 2017 mahakama ya New York iliamuru ilipe kampuni ya Elsevier dola milioni 15. Naelewa kabisa kinachomsukuma mtu kuifungua akiwa na mgonjwa mbele yake. Lakini wewe unafanya kazi kwa jina la hospitali, na usiiingize hospitali humo. Ukifuata njia nilizokuonyesha kwa mpangilio, utashangaa ni makala chache kiasi gani zinazobaki bila kupatikana.

Kuna jambo moja la kulinda. Ombi linalosema “mwanamke wa miaka 34, wodi ya pili, mwenye hali hii na ile” linaweza kumtambulisha mtu katika mji mdogo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Andika swali la kitabibu bila jina, bila wodi, bila kijiji, na upe kila ombi namba. Namba hiyo ndiyo iwe jina la faili.

Namba hizo ziingie kwenye daftari: tarehe ya ombi, idara, jarida, mwaka wa makala, ilikopatikana, tarehe ilipomfikia mwombaji, na kama haikupatikana, ni kwa nini. Baada ya miezi michache utaona jarida gani linaombwa kila mara na idara gani haijawahi kuleta ombi hata moja. Hiyo ya pili iendee wewe, usiisubiri. Msimamizi wa hospitali akisema hakuna pesa za intaneti ya maktaba, mpelekee daftari hilo. Na mkutubi wa Kakamega akikuuliza mtakuwa mkiomba makala ngapi kwa mwezi, utakuwa na hesabu ya kweli ya kumpa.